Mkwaruzo wa kulipia

Mpwa wangu kanunua programu ya kutia mkwaruzo kwenye muziki. Kalipia, jamani! Sisi tulikuwa nao bure: redio ikimeza kanda, unaichomoa taratibu, unachomeka kalamu tunduni, unazungusha, halafu mwimbaji anarudi na sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Tuliuita ubovu. Yeye anauita ladha.

Akanisikilizisha "Louie Louie" ya The Kingsmen, vijana wa Portland, Marekani, waliyoirekodi mwaka 1963. Maikrofoni ilitundikwa juu, Jack Ely akaimba kainua shingo kama anayesubiri embe lidondoke. Baada ya gitaa akaingia mapema, akagutuka, akanyamaza; mpiga ngoma akamsitiri. Wala hawakurudia. FBI wakaupeleleza wimbo kwa tuhuma za matusi, wakaucheza kwa kasi hii na ile, mwisho wakakiri hawaambulii neno. Sasa angetamka vizuri, nani angejisumbua kumsikiliza?

Juzi mpwa katia mkwaruzo hata kwenye mlio wa simu. Dada yangu, bila kuuliza, kaipeleka kwa fundi ikabadilishwe spika.