Yah: Pongezi kwa Kutusaidia Kusahau Vita vya Kagera

Kwa Mamlaka Husika,
Popote mlipo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Ihanda, Karagwe. Naandika kuwapongeza kwa kubana matumizi. Vita vilivyotufungisha mkanda kwa miezi 18, kisha mkanda wenyewe ukagoma kufunguka, nyie mnavikumbuka siku moja tu: Siku ya Mashujaa, Julai 25. Linawekwa shada, unawekwa mkuki na ngao, kabla jua halijawa kali maturubai yanakunjwa. Mpaka mchana tunakuwa tumeshakumbuka.

Kwa makaburi ya Kaboya, kule Muleba, sina utani. Wanajeshi 619 waliolala pale wanastahili kila shada. Ninaowaulizia ni raia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, naye akatangaza kuwa nchi yake sasa inaishia mto Kagera. Watu waliuawa mashambani mwao, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, na wapo waliochukuliwa mateka pamoja na watoto wao. Maelfu walikimbilia kusini wakiwa na walichowahi kushika. Majina yao yako kwenye faili gani?

Basi letu la kwenda Bukoba hupita Kyaka. Hapo abiria huchungulia dirishani kuulizia bei ya senene. Lile daraja la jirani, ndege za Amin zilijaribu kulilipua zikakosa shabaha, mpaka Novemba 3 akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Kuivunja kumbukumbu, nyie hamkuhitaji hata kiberiti. Kijana aliyekaa kando yangu safari iliyopita alijua maneno ya kutangaza vita, "sababu, nia na uwezo", bila kukosea. Nilipomuuliza ni nini kilitokea pale mtoni, akasema hotuba. (Simlaumu. Hata wagombea udiwani huiazima wakiwa wanaahidi kisima.)

Hapa kijijini kuna mzee aliyekwenda vitani akiwa mgambo, mmoja wa maelfu waliotolewa mashambani na viwandani kuongeza nguvu ya jeshi. Ukimkaribisha rubisi, anaishika kata kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unabaki huru kuchora njia kwenye vumbi: Mutukula, Masaka, Lukaya palipokuwa na matope, hadi Kampala, Aprili 1979. Kuna ofisi aliyowahi kwenda kuulizia haki yake. Akaambiwa alete uthibitisho kwa maandishi. Ni kweli lilikuwa kosa lake: katikati ya mizinga hakukumbuka kuomba risiti.

Sasa naomba kibali. Sitaki mnara, maana mnara utahitaji mzabuni, na mzabuni atahitaji asilimia. Nataka kaunta buku mbili na kalamu, niende na walimu wawili wastaafu Kyaka, Bunazi hadi Mutukula, nyumba kwa nyumba, tuandike nani alikufa, nani alichukuliwa, nani hakurudi. Waliokuwa na miaka 20 wakati ule sasa wanakaribia 70, hivyo mchakato wenu, upembuzi wenu yakinifu na semina elekezi ya Dodoma viende mbio kidogo.

Mkikataa, tupeni barua yenye mhuri. Mzee wa rubisi angalau atakuwa na maandishi yanayotaja vita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Ihanda

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji (kwa taarifa, nauli ya kuileta huko nimejilipia).