Viazi si Mbatata: Mwanafunzi Mgeni Kisiwani Unguja

Mwanafunzi mgeni wa Unguja ni kijana aliyemaliza kidato cha sita Tanzania Bara, akapata nafasi ya chuo Zanzibar, akavuka bahari kwa boti akiwa na begi, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, na imani thabiti kwamba lugha haitamsumbua. Begi hufika salama. Godoro hufika likinuka dizeli na chumvi. Imani ndiyo huharibika, mara nyingi kabla jua la siku ya kwanza halijazama, na mahali pa ajali hiyo kwa kawaida ni sokoni Darajani.

Chanzo cha ajali kiko mbali kidogo. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Afrika Mashariki. Kiunguja kikavushwa bara, kikavalishwa sare, kikakalishwa darasani Singida, Tabora na Songea, kikafundishwa na walimu ambao wengi hawakupata kuiona bahari. Kile kilichobaki nyumbani kikaendelea na shughuli zake bila kumwomba mtu ruhusa. Mwanafunzi aliyepata alama A ya Kiswahili anaposhuka bandarini Malindi, kwa kweli anamrudisha mtoto kwa mama yake baada ya miaka mingi ya ugenini. Mama anampokea vizuri, anamtazama, kisha anamwomba arudie alichosema.

Sokoni mambo huwa hivi. Mgeni ana hamu ya chipsi, anaomba kilo mbili za viazi. Muuzaji anapima kilo mbili za viazi vitamu, anafunga, anapokea pesa, na hakuna aliyekosea. Unguja kiazi ni kile kitamu. Kile cha chipsi jina lake ni mbatata. Nyanya ni tungule. Kitunguu swaumu ni thomu. Anayeomba mkate huulizwa mkate gani, kwa kuwa upo wa kumimina, upo wa ufuta na upo wa mofa, na ule anaoufikiria yeye, mrefu wa kukata vipande, huitwa boflo. Chipsi za viazi vitamu zikikaangwa na mtu mwenye subira huliwa. Zikikaangwa na vijana wanne wa mwaka wa kwanza, usiku, kwenye jiko moja, nje huungua na ndani hubaki mbichi, na utamu wake hausaidii kitu. Mwandishi wa makala haya anazikumbuka, wala hana haja ya kuongeza neno.

Jambo la pili linalomshangaza mgeni ni kwamba chuo hakipo alipokitarajia. Picha zote alizoziona kabla ya safari zilikuwa za Mji Mkongwe, wenye milango ya kuchongwa na vichochoro vyembamba, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Akajiona tayari akisoma juani katika roshani ya mbao. Ukweli ni kwamba vyuo vikuu vya Unguja vimetawanyika. Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanza mwaka 1998, kiko Tunguu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, nacho kina makao yake makuu Tunguu, ingawa kina matawi kadhaa kwingineko. Chuo Kikuu cha Sumait kiko Chukwani, na tawi la taasisi ya teknolojia ya Madras, India, lililofunguliwa mwaka 2023, liko Bweleo. Kwa lugha ya wenyeji kila kilicho nje ya mji ni shamba, hata kama kina maabara na maktaba. Kwa hiyo mwanafunzi anayeishi mjini huamka alfajiri, huvaa shati lililopigwa pasi, huchukua kompyuta yake, na kumwambia mama wa nyumba kwamba anakwenda shamba. Akimpigia simu bibi yake wa bara na kumweleza hivyo hivyo, bibi huuliza wanapalilia nini msimu huu.

Usafiri wa kwenda huko ni daladala. Zipo zinazofanana na za bara, na zipo gari za shamba zenye bodi la mbao, mabenchi ubavuni na paa la chini, ambalo mtu mrefu hulijua kwa paji la uso kabla ya kulijua kwa macho. Kila njia ina namba. Bububu ni 502, uwanja wa ndege ni 505, Jambiani ni 309, Makunduchi ni 310. Mgeni huzikariri kama kanuni za fizikia, na kama kanuni za fizikia humsaidia mpaka pale zinapohitajika. Tatizo si namba. Tatizo ni usingizi. Barabara inayopita Tunguu haikomei Tunguu. Inaendelea kusini mpaka Jozani, halafu Paje na kwingineko. Upepo wa saa moja asubuhi ukipenya katika gari iliyo wazi ubavuni, na mwanafunzi alikuwa macho usiku kucha kwa ajili ya jaribio, yanayofuata hayahitaji maelezo marefu. Utingo humwamsha pale anapoona miti imekuwa mikubwa mno.

Jozani ni msitu wa hifadhi ya taifa, na ndimo anamoishi kima punju, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Kima huyu ana tabia ya kula mkaa. Wataalamu wanaeleza kwamba majani ya miembe na mikungu anayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinasa. Mwanafunzi aliyepitiliza kituo hupata nafasi nzuri ya kumchunguza huku akisubiri gari ya kurudi, na wapo waliowahi kujiuliza, kwa kukumbuka zile chipsi zilizoungua, kama kima hajawatangulia kielimu.

Mwisho wa juma mgeni huenda kuutazama Mji Mkongwe, na hupotea. Hili halina aibu, kwani vichochoro havikuchorwa na mtu mmoja wala siku moja. Nyumba zilijengwa, na njia ikawa nafasi iliyobaki. Wenyeji humshauri atafute alama. Alama mashuhuri ni kanisa la Minara Miwili, ambalo huonekana vizuri kabisa kutoka baharini na kutoka juu ya mapaa, lakini mtu akiingia vichochoroni kulitafuta linajificha mpaka apigane nalo kikumbo. Upande wa Ng'ambo yapo majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa mpango wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, marefu na yamenyooka kama rula. Huko pia mgeni hupotea. Mji Mkongwe humpoteza kwa sababu hakuna vichochoro viwili vinavyofanana. Michenzani humpoteza kwa sababu hakuna jumba lisilofanana na jenzake.

Akiwa katika hali hiyo ndipo anapogunduliwa na papasi. Jina hili ni la mdudu anyonyaye damu, na mjini wamepewa vijana wanaowaandama watalii kwa ajili ya kuwaongoza, kuwauzia au kuwapeleka mahali. Papasi huanza kwa Kiingereza, hujaribu Kitaliano, na mwanafunzi akijibu kwa Kiswahili humtazama kwa huruma, kisha humwonyesha njia bure. Bei ya pweza na mishikaki Forodhani jioni nayo hutegemea kinywa: anayeuliza kwa lafudhi ya Unguja hutajiwa bei moja, na anayeuliza kwa lafudhi ya Dodoma huanza kufikiriwa.

Makazi ndiyo sura ndefu kuliko zote. Bara mwanafunzi hulala hosteli au bweni. Unguja hulala dakhalia. Imekwisha kutokea mgeni akaambiwa dakhalia imejaa, naye akauliza inayofuata itaondoka saa ngapi. Aliyekosa dakhalia hupanga chumba katika nyumba ya watu, Mpendae, Mwanakwerekwe au Fuoni, na jambo la kwanza analofanya mama wa nyumba ni kumpeleka kwa sheha ili ajulikane. Sheha ni kiongozi wa shehia, na shehia ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali. Huuliza jina, chuo, atokako na muda atakaokaa. Huandika. Tangu siku hiyo mtaa mzima unajua saa anayorudi mwanafunzi huyo, na akichelewa hupewa pole asubuhi yake na watu asiowajua.

Wakirudi kutoka kwa sheha, mama wa nyumba husema kwa upole, “Karibu mwanangu, kaa kitako.” Mgeni hubaki amesimama. Amesikia vizuri, ila masikioni mwake neno hilo lina undugu wa damu na neno jingine ambalo kwao halitajwi mbele ya mama wa watu. Huchukua wiki nzima kuamini kwamba kaa kitako ni kuketi tu. Kufikia hapo mama wa nyumba ameshawaeleza majirani kwamba amepata mpangaji mwenye adabu sana, hakai mpaka aambiwe mara tatu.

Umeme nao una ajali yake. Bara huduma ya umeme wa kulipia kabla huitwa LUKU, Unguja huitwa TUKUZA. Usiku mmoja taa zilizimika katika nyumba moja ya Ng'ambo, na mama wa nyumba akasema kutoka gizani, “Tukuza imekwisha, mwanangu.” Mpangaji, aliyelelewa katika kwaya, akaitikia “Amina.” Wote wawili wakakaa kimya, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Salamu hazina neno jipya ila zina urefu mpya. Nje ya nyumba nyingi za mjini kuna baraza za mawe, na juu ya baraza kuna wazee, na mzee hapitwi kimya. Mgeni aliyehesabu dakika saba kutoka nyumbani hadi kituoni alisahau kuhesabu baraza. Kuna shikamoo, kuna asalaam alaykum, kuna habari za asubuhi, za nyumbani, za masomo, za huko kwenu, na mvua huko zimeanza? Ukiwa na baraza nne njiani, gari ya kwanza imeondoka. Kosa kubwa la kundi hili hufanywa na kijana anayetaka kuonyesha kwamba ameshazoea, akamwita mzee wa kahawa “yakhe”. Neno ni la hapo hapo, halina tusi, bali ni la wenzi na marika. Mzee humjibu vizuri, kisha humuuliza wamezaliwa mwaka mmoja?

Chakula hakimtesi sana. Urojo humtesa mara moja tu, siku ya kwanza, anapomwambia muuzaji “weka pilipili yote”.

Mwezi wa Ramadhani huhitaji aya yake. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja, Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na siku hizi huangukia katikati ya masomo. Mchana migahawa mingi hufungwa, na mwanafunzi asiyefunga hujifungia chumbani na boflo na maji, akitafuna taratibu kama mtu anayefungua bahasha ya mtihani kabla ya wakati. Magharibi ikiadhiniwa mlango hugongwa. Ni mtoto wa jirani, na sahani iliyofunikwa: muhogo wa nazi, tambi, mkate wa kumimina. Dakika kumi baadaye ni mtoto wa jirani mwingine. Sahani hairudishwi tupu, hilo huambiwa na wenzake, kwa hiyo hupika, na kwa kuwa hajui kupika hupika chipsi. Za mbatata, safari hii. Usiku wa manane huamshwa na ngoma za daku, na kwa kuwa ameshaamka, hula. Wapo wasiofunga walioingia Ramadhani na suruali moja wakatoka nayo haifungiki.

Anayemaliza ubishi wa mgeni, hata hivyo, huwa si Mzanzibari. Vuga ipo taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, iliyojulikana miaka mingi kwa jina la TAKILUKI, ambayo sasa imo ndani ya SUZA, na wageni kutoka Ulaya na kwingineko huja hapo kujifunza Kiswahili. Hujifunza palepale kinaposemwa. Basi mwanafunzi wa Singida husimama Darajani mbele ya fungu la nyanya, akitafuta neno lililomtoka, na nyuma yake msichana wa Kijerumani mwenye miezi miwili kisiwani husema, kwa lafudhi safi ya Mkunazini, “Anataka tungule, bwana. Na thomu.”

Kufikia muhula wa tatu mambo hayo yote hukoma, na mgeni huacha kuwa mgeni bila kujua ni siku gani. Hukoga badala ya kuoga. Shule huiita skuli. Hubisha hodi, hukaa kitako, hununua tukuza. Likizo ndefu inapofika huvuka bahari, hupanda basi la Singida, hupokewa kwa shangwe, na kesho yake asubuhi mama yake humpa pesa amletee viazi kilo mbili, kwa kuwa wageni wanakuja na atawakaangia chipsi. Huenda, hurudi, huweka mfuko mezani. Mama hufungua, hutazama viazi vitamu, humtazama mwanawe, kisha huwasha jiko ili achemshe.