Shangazi wa Mita Anajibu

Wiki hii barua ni tatu, na zote zinanuka waya ulioungua. Nitajibu kwa kadiri uniti zangu zilivyobaki.

*Shangazi, shikamoo. Nimepanga chumba kimoja Mbagala tangu Oktoba 2024. Juzi mama mwenye nyumba kanipigia hodi na karatasi ya daftari: "Deni la umeme, Agosti 2021 hadi Desemba 2024, sh. 96,000 kila chumba." Tuko vyumba sita. Agosti 2021 mimi nilikuwa kidato cha tatu, Singida, nasomea kibatari. Nilipe umeme ambao hata haujawahi kunimulika? — Mpangaji Mpya*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote usimjibu kwa hasira, maana kodi yako ya miezi sita bado iko kwenye kanga yake na haifunguliwi kwa matusi.

Sasa isome tena hiyo karatasi. Luku ni lipa umeme kadiri utumiavyo: pesa kwanza, taa baadaye. Uniti zikiisha nyumba inazima, mnakutana koridoni na tochi za simu mkiulizana ni zamu ya nani kununua. Anayesema nyumba yenu imewaka kwa mkopo miaka mitatu ni kama anayesema daladala imebeba abiria Mbagala hadi Kariakoo miaka mitatu, konda yumo na hajamdai mtu nauli. Wewe umewahi kumwona konda wa namna hiyo?

Lakini mama hakuiokota tarehe yake jalalani, na hapo ndipo ninapomvulia kilemba. Agosti 2021 ndio mwezi kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia luku. Nyumba ya kawaida, isiyo ghorofa, ilikatwa sh. 1,000 kwa mwezi; kuanzia Julai 2023 ikawa sh. 1,500. Shika kalamu. Miezi 23 ya elfu moja ni 23,000. Miezi 18 ya elfu moja mia tano ni 27,000. Jumla 50,000, tena ya nyumba nzima, pamoja na chumba cha mama mwenyewe na banda la kuku. Yeye anataka 96,000 mara sita, yaani 576,000. Hesabu hiyo hata kuku wangeikataa.

Tena hiyo 50,000 haikungoja karatasi ya daftari. Hukatwa mtu anaponunua umeme, na mwezi ukirukwa inakatwa kwa mkupuo manunuzi yanayofuata. Wanaonunua ni akina nani? Ninyi, na waliopanga kabla yenu. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, mwanangu. Ukitaka kumtafuta mdaiwa wa nyumba hiyo, usianzie chumbani kwako.

Basi fanya hivi. Nenda jioni, akiwa ameshakula, usimkute anasubiri wali uive. Piga magoti ukiweza, magoti hayana kodi. Sema: "Mama, shikamoo. Naomba tuone pamoja ujumbe wa luku wa mwezi huu na wa mwezi uliopita." Ule ujumbe wenye tokeni ya tarakimu ishirini huwa tunasoma tarakimu tu na kuutupa, kumbe ndiyo risiti. Umeandikwa pesa iliyokwenda kwenye uniti, VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1, na deni kama limekatwa. Kama mita ina deni la kweli, litaonekana linamegwa humo. Kama halimegwi, deni linaishi kwenye daftari peke yake. Waulize wenzako kama bado wanazo jumbe zao. Yule dada wa chumba cha pili asiyefuta kitu kwenye simu, leo ndiyo siku yake.

Akikataa kuonesha, usibebe kesi hiyo hadi TANESCO, kwani wao wanaijua mita, hawajui mlivyopangana. Anza kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, na mkataba wako mkononi. Huna mkataba? Nilijua.

*Shangazi, mimi ni mwenye nyumba, Kimara. Umeme wa nyumba yangu ulikuwa haufiki elfu tisa kwa mwezi. Kaja kijana na jiko la umeme la sahani moja, sasa tunakaribia elfu arobaini na tatu. Nataka nimdai tofauti ya miezi 14 ya nyuma. — Baba Mwenye Subira*

Subira ya miezi 14 si subira, kaka yangu, ni usingizi. Maharage yake ulikuwa huyasikii harufu?

Mahesabu yako yana ukweli ndani yake. Nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti kwa sh. 100; pamoja na makato inafika 122. Uniti 70 kwa bei hiyo ni sh. 8,540, ndizo elfu tisa zako. Mkivuka mkaingia kundi la kawaida, uniti ni sh. 292; pamoja na makato inafika 356. Jiko la wati 1,500 likiwaka saa moja kila siku linakula uniti 45 kwa mwezi, ongeza na pasi. Mmefika uniti 120: sh. 42,750. Kijana kaongeza uniti 50 tu, lakini kawahamisha wote mtaa wa bei.

Kumdai ya nyuma hata hivyo utashindwa. Hakuna mita iliyohesabu jiko lake peke yake, na feni yako ya usiku kucha nayo itaitwa shahidi. Fungeni mita ndogo chumbani kwake leo, muandikiane namba inayosomeka, na kuanzia hapo alipe uniti zake kwa bei halisi ya ujumbe wa luku, wala usitie chumvi.

*Shangazi, fundi mmoja ameniambia anaweza kupitisha waya pembeni ya mita, nitumie bure, na siku nikihama hakuna atakayejua.* (Huyu ameweka jina lake, la babake, na namba ya nyumba.)

Mwanangu, usithubutu. Waya huo ukikuacha hai, siku ya ukaguzi anayebanwa ni mwenye mita, atapigiwa hesabu ya umeme wote uliopita kando, na mpangaji wa baada yako ndiye atakayeniandikia barua kama ya yule wa Mbagala, safari hii deni likiwa la kweli.

Barua yako nimeichana. Bahasha nayo.