Kubana Matumizi kwa Kujaza Risasi Mwenyewe

Kwanza hakikisha uko Marekani. Huko, anayejaza risasi za kupigia shabaha yeye mwenyewe hadaiwi leseni na serikali ya shirikisho. Ukifungua benchi la kujazia risasi Tanga au Nakuru, tarajia wageni wenye pingu.

Andaa sababu. Iko moja tu: kubana matumizi. Mweleze mama watoto kwa sauti ya mhasibu kwamba ganda la shaba hujazwa tena na tena. Bei ya mashine ya kujazia usiitaje. Akikubali haraka, jua kuna kitu anakipigia hesabu.

Okota maganda uwanjani. Usiiname mwenzako akiwa bado anapiga, na ya mtu aliyekuja na ndoo yake usiyaguse. Ukijikuta umebeba maganda ya bunduki usiyo nayo, pole. Utainunua.

Sasa yang'arishe kwa kuyatikisa ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndiyo, magunzi. Bibi yako aliwashia moto. Wewe utayanunua dukani, kwenye mfuko wenye nembo. Usimpigie simu kumweleza.

Kuhusu mashine, jifunze kwa Fred Huntington wa California. Mwaka 1943, vita vimeadimisha risasi, yeye alichotaka ni kuwinda marmoti, mnyama mnene wa ukoo wa kindi. Akatengeneza kalibu ya kuundia vichwa vya risasi. Akaishia na kampuni ya mashine za kujazia risasi, RCBS. Ubanaji matumizi huanza hivyo.

Paka ganda mafuta kabla ya kulisukuma kwenye kalibu ya mashine yako. Utasahau, nalo litakwama. Kuna kifaa cha kuling'oa, na wazee wa kazi hii watakusihi ukinunue siku ileile ya mashine. Utakataa, kwa kubana matumizi.

Fataki (si yule wa matangazo ya redio Tanzania aliyenyemelea wanafunzi) ni kile kikombe kidogo kinachowasha baruti. Mwaka 2020 na 2021 zilikuwa adimu kama mafuta ya taa enzi za foleni. Ukiulizwa unazo ngapi, jibu ni "chache", hata kama kabati halifungi. Anayeuliza naye anazo chache.

Baruti hupimwa kwa greini, na pauni moja ina greini 7,000. Mwenye gobore alikadiria kwa kiganja; wewe fuata kitabu, anza na kiwango cha chini. Zima redio. Kisha mulika tochi ndani ya kila ganda, moja moja, kabla ya kuweka kichwa. Ganda la .38 Special linaweza kumeza kipimo mara mbili lisimwage hata chembe, na bunduki ndiyo itakayokuarifu. Lisilo na baruti ni baya vilevile: fataki hukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, nacho hukaa humo kikingoja cha pili. Utakuwa umefika ganda la thelathini na saba, mtoto akuite. Ukirudi, usikisie. Mwaga yote, anza upya.

Nawa mikono kabla ya kugusa chapati. Risasi ni madini pia, tena sumu.

Mwishoni piga hesabu. Kila risasi imekugharimu pungufu ya dukani, kweli kabisa, ila siku hizi unapiga mara tatu zaidi. Mama watoto akiuliza, mwonyeshe hesabu ya risasi moja. Wakati unamwonyesha, usitupe jicho kule kwenye mashine ya pili.