Mwongozo wa Mpagazi wa Vidonge

Januari 1867 wapagazi walitoroka na sanduku la dawa la msafiri David Livingstone, na kwinini yake yote, dawa ya malaria, ikapotea. Mwaka 1872 alikaa miezi kadhaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi wapya kutoka pwani. Leo mpagazi wa dawa ni wewe, ndugu msomaji, nawe unaweza kutoroka na mzigo wako mwenyewe. Ukitaka ufike salama, fuata njia hii.

Mafua yakikushika, pita mbali na antibayotiki, vile vidonge vya rangi mbili. Antibayotiki huua bakteria, na mafua huletwa na virusi. Ukinywa chai ya tangawizi na asali ya Sikonge, utapona baada ya wiki hivi. Ukinywa rangi mbili, utapona wiki hiyohiyo, ila mfuko utakuwa mwepesi zaidi.

Homa nayo isikupe udaktari wa ghafla. Nenda kapimwe. Kipimo kikionyesha huna malaria, hapo hujapewa ruhusa ya kununua antibayotiki. Na muuzaji wa duka la dawa muhimu akikuuliza cheti, usimnunie. Anakulinda wewe na mtaa mzima.

Sasa penye matatizo makubwa: nusu dozi. Msafara uliotoka Bagamoyo haukutua mizigo Mpwapwa, njiani tu, ukasema umefika Unyanyembe, huko Tabora. Nafuu ya siku ya pili ndiyo Mpwapwa yako. Bakteria dhaifu wamekufa, wale sugu wamebaki, wanazaana, na usugu wao huhamia hata kwa bakteria wengine. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hilohilo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Ukarimu wa Wanyamwezi naupenda, lakini mgeni mgawie ugali na matobolwa, vidonge vyako hapana. Kuku nao wana mganga wao: muulize mtaalamu wa mifugo kabla ya kuwatilia dawa kwenye maji, na usile mayai yao mpaka siku alizotaja ziishe.

Ukipewa dawa Hospitali ya Kitete, Tabora, au zahanati ya kijijini kwako, uliza mambo matatu kabla hujaondoka: ni ya ugonjwa gani, nimeze saa ngapi, kwa siku ngapi. Kisha, tafadhali, zimeze zote kama ulivyoelekezwa.