Barua ya Wazi kwa Wagawa Nyota wa Michelin

Kwa Mkurugenzi,
Mwongozo wa Michelin,
Ufaransa.

KUH: OMBI LA NYOTA KWA MEZA ZA GARSEN, TANA RIVER

Bwana Mkurugenzi,

Najua barua nyingi hukufikia kutoka miji yenye majina makubwa, kwa hivyo sitakuzungusha. Wakubwa wetu wana njaa, na ni wewe tu unayeweza kuwaokoa.

Si ile njaa unayoidhania. Njaa ya ukame tunaijua. Ina mashirika yake, magari yake na vibao vyake kando ya barabara. Hii ninayokuandikia ni njaa ya watu wenye mishahara. Mkubwa anakuja Garsen kukagua mradi. Ikigonga saa tano na nusu anaanza kuitazama saa yake, anakunja karatasi, anamkatiza mzee wa kijiji ambaye bado hajamaliza salamu. Ukimuuliza kulikoni, anakujibu kwa huzuni ya kweli kabisa: "Hapa hamna mahali pa mtu kula." Basi anapanda gari, vioo juu, anapita Minjila, Marereni na Gongoni, anavuka daraja la Sabaki, na baada ya kilomita 110 hivi anaketi Malindi mbele ya kitambaa cheupe. Anaagiza kamba.

Sasa, Bwana Mkurugenzi, kamba wa Kenya kwa wingi wao huvuliwa Ghuba ya Ungwana, baina ya Ngomeni na Kipini, na wamependa kukaa pale kwa kuwa Mto Tana unawaletea tope la kunenepea. Maana yake ni kwamba mkubwa ametoka mtoni, akakimbia mwendo wote huo, ili akale alichokilisha mto. Juisi ya embe aliyoletewa imetoka kwenye boksi. Nyuma yake, huko alikotoka, maembe ya ngowe yanaoza chini ya miembe kwa kukosa mnunuzi.

Utauliza kwa nini nisiwaandikie wakubwa wenyewe. Nimeona wewe utaelewana nao zaidi. Mwaka 1900, ndugu wawili André na Édouard Michelin walichapisha nakala 35,000 za kitabu chenu cha kwanza, wakazigawa bure, wakati Ufaransa nzima haikuwa na magari hata 3,000. Hawakuwa wapishi wale. Walikuwa wauza matairi, na walijua kwamba mtu akivutwa na mlo mzuri ulioko mbali, tairi litalika njiani. Nyota zikaja 1926, mwaka 1931 zikapangwa madaraja, na mwaka 1936 maana ya madaraja hayo ikatangazwa: moja kwa mkahawa mzuri, mbili kwa mkahawa unaostahili mtu aache njia yake aupitie, tatu kwa mkahawa unaostahili kufungiwa safari.

Wakubwa wetu hawajawahi kukifungua kitabu chenu, lakini mafundisho yake wanayafuata kuliko Wafaransa. Chakula cha mchana kwao ni cha kufungiwa safari kila kikija. Tofauti ni moja tu: matairi ya wateja wenu wa 1900 yalinunuliwa na wenye magari. Haya ya huku tunayanunua sisi. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti zake kila robo mwaka, na humo, kaunti kwa kaunti, safari za ndani zina safu yake ya mamilioni. Watu huisoma kama habari za ubadhirifu. Mimi naisoma kama menyu.

Nisiwaonee Malindi. Wanapika vizuri, na ningependa kukueleza walivyofika hapo, maana ndipo ulipo ufunguo wa ombi langu. Waitaliano walikuja Ngomeni na roketi zao, na mwaka 1967 wakarusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco, kule majini. Baadaye wenzao wakaja kwa mamia, wakajenga majumba, wakahamia. Na kila Mwitaliano aliyehamia Malindi alikula Malindi. Hakuna aliyepanda gari kwenda Mombasa kutafuta tambi. Walikaa, wakaagiza, wakalalamika, wakalipa, wakarudi kesho yake kulalamika tena, hata vijana wa pwani wakajifunza kupika tambi na kutukana kwa Kiitaliano. Mji ule ulipata meza nzuri kwa sababu wenye pesa walikubali kula walipo.

Garsen haijawahi kupata bahati hiyo ya mlalamishi tajiri.

Nikuorodheshee basi tulicho nacho. Asubuhi kwenye steji, kabla basi la Lamu halijapiga honi ya pili, kuna mahamri na mbaazi za nazi, na chai ambayo maziwa yake hayakuona pakiti. Mchana kuna wali. Wali huu nataka uuandike kwa wino mzuri. Kule chini, Ozi na vijiji vya jirani, Wapokomo wana mashamba ambayo hayana pampu wala mfereji wa serikali. Bahari ikijaa, inausukuma mto kurudi nyuma, na maji matamu yanapanda yenyewe kuingia kwenye mpunga; bahari ikitoka, yanashuka. Mkulima kazi yake ni kuujua mwezi. Miaka ya karibuni maji ya chumvi yameanza kupanda pamoja na yale matamu na kuua mipunga na miembe, kwa hivyo mkaguzi wako asikawie sana. Serikali nayo ilijenga mradi wake wa mpunga pale Gamba, wenye mitambo. Ukaja El Niño wa 1997, mto ukaufumua. Wale wa kuangalia mwezi walipanda tena.

Juu ya wali huo unawekewa samaki wa mtoni. Kambare akikaangwa vizuri akatiwa kwenye nazi na ndimu, watu husahau kusema. Upande wa pili wa sahani kuna samli ya Waorma, na ng'ombe wao, ambao huuzwa hapa hapa wakapandishwa malori kwenda Mombasa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii ya Tana, Wapokomo na Waorma, kwa mambo ya maji na malisho na siasa zilizoyachochea. Leo ukikaa kwenye benchi la hoteli yoyote ya Garsen saa saba mchana utawakuta wamebanana, mmoja anamwomba mwenzake pilipili. Sijui kitabu chenu kina alama gani ya jambo hilo. Nadhani hakina.

Sitakudanganya kuhusu upungufu. Inzi wapo, na hawajui kupiga foleni. Feni ikizunguka inapiga kelele, isipozunguka unaikumbuka kwa mapenzi. Viti ni vya plastiki, na choo ni swali la kumwuliza mwenye hoteli kwa sauti ya chini. Hivi ndivyo wakubwa wanavyovitaja wanapoeleza kwa nini wanakwenda Malindi, na wana haki. Ila feni na choo hununuliwa kwa faida, na faida huletwa na mteja, naye mteja mwenye pesa yuko Malindi anasubiri kahawa.

Kuna na jingine la aibu zaidi. Afisi fulani, jina nalistiri, iliagiza chai na mandazi ya mkutano kwa mama mmoja wa hapa mjini. Walikula, wakamsifu, mmoja akafungiwa mandazi ya kwenda nayo. Malipo yakaandikishwa. Yangali yameandikishwa. Afisi hiyo hiyo ikienda kufanya mkutano kwenye hoteli ya ufukweni hulipa kabla ya kukabidhiwa funguo za vyumba, kwa kuwa mwenye hoteli wa ufukweni haamini mihuri. Kwa hiyo anayekopesha ni mwenye sufuria mbili, na anayelipwa taslimu ni mwenye bwawa la kuogelea. Halafu tunaulizwa mbona Garsen haina mkahawa wa hadhi.

Na warsha je! Warsha ya kujadili chakula cha Tana Delta lazima ifanyike mbali na Tana Delta, ili washiriki waweze kuitazama hali kwa utulivu. Mkulima mmoja hualikwa kuwakilisha wakulima. Hupewa nauli, kalamu na chupa ya maji, na adhuhuri husimama mbele ya bufee ya vyakula ishirini akitafuta kile anacholima. Jioni azimio hupita kwa kauli moja kwamba wananchi wahimizwe kula vyakula vya kienyeji.

Usidhani wewe ndiwe mgeni wa kwanza kuitamani sahani hii. Mwaka 2008 ziliandikwa habari kwamba Qatar inaomba hekta 40,000 za delta ilime chakula cha watu wake. Kampuni ya sukari ikataka mashamba ya miwa. Kampuni ya Kanada ikataka kupanda mbono, mafuta yake yakaendeshe magari. Mwaka 2012 delta ikatiwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani duniani, kwa ajili ya ndege na viboko na samaki. Kwa hiyo tumewahi kuombwa tulishe Doha, tulishe injini, na tuwahifadhie ndege mlo wao. Hakuna aliyevuta kiti akauliza, "Leo mmepika nini?"

Ninachoomba ni nyota moja. Sitaki tatu, hizo zitaleta wageni wa safari maalum, nasi hatuna maegesho. Nyota moja iliyobandikwa ukutani, juu ya kalenda, inatosha kumfanya mkubwa aketi. Wakubwa wetu huamini kilichogongwa muhuri ng'ambo. Akiambiwa na mama wa hoteli kwamba kambare ni mtamu atatabasamu kwa adabu. Akiambiwa na Mfaransa, ataitisha mkutano na wanahabari.

Mkaguzi wako atakuja kwa siri, nasikia ndio utaratibu. Huku hautafaulu. Akishuka kwenye gari pale steji, kabla ya kikombe cha pili itajulikana katoka wapi, ana watoto wangapi, na kama amekuja kupima ardhi. Amwambie mapema mwenye hoteli kwamba hapimi ardhi. Atahudumiwa haraka zaidi. Aje baina ya Novemba na Februari apate maembe, lakini asikilize kwanza habari za mto, kwa kuwa mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikata barabara ya Lamu, na mwaka kama huo atakula kwetu siku nyingi kuliko alizopanga. Afike kabla ya saa saba. Baada ya hapo samaki wamekwisha, na atabaki na maharagwe, ambayo siyaombei nyota.

Alipe papo hapo.

Wako,
Mlaji wa Garsen

Nakala kwa: Wakubwa wote wanaohusika, wapelekewe Malindi, meza iliyo karibu na bwawa.