Kuifuata Baridi Makusudi: Barua kutoka Glasgow

Ami, asalaam aleikum, wewe na wote wa Kismayuu, Koyama na Chula.

Nimesikia kusi limechachamaa, mashua ziko juu mchangani na watu wako barazani wakishona nyavu. Ndiyo akili hiyo. Huku hewa ikichafuka, watoto hupakiwa kwenye basi wakapelekwa mlimani, na mzazi hutia sahihi kuridhia!

Shule ninayosaidia inawapeleka Ben Lomond, mita 974. Ni mazoezi ya ile tuzo aliyoianzisha mume wa Malkia Elizabeth mwaka 1956, ambayo mtoto haipati mpaka alale hemani na mvua yake. Ni Juni, nao wanaiita majira ya joto. Lakini ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 na kitu, na upepo hapo bado hujauhesabu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni nguo. Kiongozi wa safari alikuja na ndoo ya maji, akachovya fulana ya pamba na soksi ya sufu, akazikamua, akamvisha fulana ile kijana mmoja wa Goma, akamsimamisha uani kwenye upepo. Kijana alikuwa amekuja na jinzi iliyopigwa pasi na viatu vyeupe, akiuliza kileleni picha zinapigiwa wapi. Hazikufika dakika mbili meno yakaanza kugongana. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto. Sufu hata ikilowa hukustahi kidogo. Tangu siku hiyo jinzi hatujaiona.

Waliobaki na ubishi ni kina mama zetu. Begi la mtoto linatakiwa liwe na koti na suruali ya mvua, kofia, glavu, nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, dira na filimbi. Nilipofungua la binti mmoja wa kwetu nikakuta sambusa, chupa ya chai ya lita mbili, na lile blanketi zito lenye picha ya chui. Wallahi, chui mzima! Nikamtoa, sambusa nikaziacha, maana mlima unataka shibe.

Mama yake huyo ndiye aliyejaza fomu kwa adabu zote. Walipouliza kama kuna mtu nyumbani mwenye uzoefu wa safari ngumu, akaandika: hapana. Naye, Ami, alivuka utotoni kwa mashua usiku, vita vilipofika kwetu, mpaka Mombasa, akakulia kambi ya Jomvu. Nilimuuliza, akanijibu, “Ile haikuwa safari, tulikuwa twakimbia.”

Muda wa kupanda wanaukadiria kwa kanuni ya Naismith, Mskoti wa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mlima wetu huu ni karibu saa tatu. Naismith, naona, hakuwahi kutembea na watoto wa Kibajuni. Hao husimama kila hatua kuuliza kama tumefika.

Filimbi ndiyo imenichosha. Ukipatwa na shida unapuliza mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika, unarudia. Vijana wamefanya mazoezi hayo nyumbani usiku, mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza nani anakufa.

Mtuombee dua. Na kama yuko anayekuja huku, mpeni visheti. Kiongozi amesema watoto watahitaji sukari njiani, na biskuti alizotuonyesha, Ami, hata kasa angezikataa.